Batini ya Bafu

Mnunuzi wa vigae, aingiapo duka ambalo bidhaa hiyo imepangwa ukutani safu juu ya safu kama sahani kabatini, huinua kigae kimoja, hukielekeza penye nuru, hukipapasa uso, huuliza bei yake kwa mita ya mraba, kisha hukirudisha mahali pake. Ni nadra kumwona amekipindua akautazama mgongo wake. Na mgongo huo, wenye rangi ya udongo au ya majivu na mistari iliyoinuka, ndio utakaoshikamana na ukuta wa bafu lake kwa miaka ishirini, au utakaoachana nao kabla ya mwezi wa Ramadhani ya pili kuandama.

Suala la kama yafaa mtu ajiwekee mwenyewe vigae bafuni, hasa pale chini ya bomba la mvua panapomwagika maji kutwa, huzungumzwa barazani na makundi mawili yasiyosikilizana. Kundi la kwanza hunena kwamba kazi hii ina wenyewe, na asiye fundi akiigusa atailipia mara mbili. La pili hunena kwamba haina siri yoyote, kwani saruji huuzwa kila mtaa, vigae sasa huchomwa papa hapa, Mkuranga na Chalinze kwa upande wa Tanzania na Kajiado kwa upande wa Kenya, na mikono kila mja amepewa miwili. Kwa insafu, kila kundi lina sehemu ya haki. Lakini yote mawili yanabishana juu ya dhahiri ya bafu, yaani kile kinachometameta, ilhali bafu huishi au hufa kwa batini yake. Kigae hakikuwekwa kuzuia maji. Kigae ni kanzu, na ngozi iko chini ya kanzu. Hivyo anayeuliza kama ataweza kushona kanzu hana budi kwanza aulize ngozi ataipata wapi.

Juu ya majina sitakawia. Waashi wengi wa Dar es Salaam huviita vitu hivi marumaru, ingawa marumaru ya asili ni jiwe lichongwalo mlimani. Vijana husema tailizi. Mimi nimeshika kigae, neno ambalo wazee wetu walilitumia kwa kipande cha chungu kilichovunjika, na ambalo kwa mtu aliyekwisha kujaribu kukata kigae kuzunguka bomba halijapoteza maana yake ya kwanza.

Watu wa pwani hawakuanza jana kupachika kauri katika chokaa. Nguzo za makaburi ya Kunduchi, na ile ya Mambrui kaskazini ya Malindi, zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyozamishwa katika lipu, na mengi yalipokwisha kung'olewa na wezi pamebaki vishimo vya mviringo vinavyomtazama mpita njia kama macho yasiyo na mboni. Lakini hayo yalikuwa mapambo, na waliopamba walijua kuwa ni mapambo. Walipotaka kuyazuia maji walifanya jambo jingine. Katika nyumba za mawe za Lamu, bafu lilikuwa na birika lililojengwa kwa mawe na kupakwa lipu laini ya chokaa, na chini ya birika palitiwa bakuli la kauri ambalo, maji yalipopungua, lilibakiza kiasi cha kuwahifadhi visamaki waliofugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Birika halikuvaa kigae hata kimoja, nalo liliyashika maji, kwa sababu ya chokaa iliyochomwa kwa matumbawe, ikalowekwa, ikaachwa ikapoa na kukomaa, kisha ikapakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa hata ikalainika kama yai. Mapaa bapa ya nyumba hizo nayo yalishindiliwa kwa vipande vya miti na kundi la watu, siku baada ya siku, kwa nyimbo. Hata katika bafu la umma la Hamamni, Unguja, lililojengwa katika zama za Seyyid Barghash, aliyetawala toka mwaka 1870 hata 1888, mgeni husimama akastaajabia sakafu yake ya marumaru nyeusi na nyeupe, na kupita bila ya kuuliza habari za mifereji iliyo chini yake, ambayo bila hiyo jengo lote lingekuwa sebule tu.

Saruji tuitumiayo sasa, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hataza mwaka 1824, ilitupa neema kubwa na kutuletea ila moja: ilituondolea ngoja. Ukuta uliokuwa ukidai msimu mzima ukawa unadai wiki, na aliyezoea wiki akaanza kuidai siku.

Nilifunzwa haya na ukuta wangu mwenyewe, Tanga. Bafu letu liliwekwa vigae kwa siku mbili na fundi wa kukodi, mtu mpole na hodari wa mkono, ambaye mishono yake ilinyooka kama uzi wa ushanga. Miezi kumi na minne baadaye, usiku wa manane, tulisikia mshindo tukadhani ni mwizi, na nilipoingia na taa nikakuta vigae vitatu vizima, havikuchubuka hata pembe, vimelala sakafuni kifudifudi. Nilivipindua. Katikati ya kila mgongo palikuwa na donge moja la saruji, kama tonge la ugali lililowekwa katikati ya sahani, na pembezoni hapakuwa na kitu ila unyevu na harufu ya ukungu.

Tuyatazame basi maji yenyewe. Maji ya kuoga hayapenyi katika uso wa kigae uliopakwa kauri. Hupenya katika mishono, ambayo hujazwa grauti, nayo aghalabu ni saruji laini iliyotiwa rangi, na hata ikijazwa na bingwa wa mabingwa ina vinyweleo. Kiasi kipenyacho kwa siku moja ni haba, lakini bafu la watu sita halipewi siku ya kukauka, na haba na haba, kama tujuavyo sote, ina mwisho wake. Hapa pwani, ambako mchanga mara nyingine huchotwa ufuoni bila ya kuoshwa, na maji ya kisima huwa na ladha ya chumvi, unyevu ule huiyeyusha chumvi iliyomo ukutani, huivusha upande wa pili, na mwenye nyumba huiona imechipuka juu ya rangi ya chumba cha kulala mithili ya unga wa muhogo, rangi ikibanduka magamba. Naye hununua rangi mpya, akapaka, akastaajabu mwaka ufuatao. Kwa aishiye ghorofani jambo hili si la nyumba yake peke yake, maana dari inayotota ni ya jirani wa chini, na haki ya jirani sote tumehimizwa.

Dawa yake ni tabaka la kuzuia maji lipakwalo juu ya lipu na juu ya sakafu kabla ya kigae cha kwanza kuguswa. Namna ipatikanayo kwa wepesi madukani ni unga wa saruji unaokorogwa na kimiminika cheupe kama tui. Hupakwa kwa brashi mara mbili, mara ya pili brashi ikienda kwa kuikingama njia ya kwanza, ili kitundu kilichosahauliwa na mkono uliopanda kizibwe na mkono unaokwenda upande. Penye pembe, ukuta ukutanapo na ukuta na ukuta ukutanapo na sakafu, hufukiwa utepe wa kitambaa ndani ya tabaka lenyewe, kwa kuwa jengo, ingawa twaliona limetulia, hupumua kwa jua na baridi, na pumzi hiyo hutokea pembeni. Ajabu ya kazi hii, iliyo nguzo ya mambo yote, ni kwamba haidai ustadi. Mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya. Hudai ukuta ufagiliwe vumbi, hudai brashi safi, na hudai mtu akae chini angoje saa kadhaa tabaka la kwanza likauke, kisha angoje tena. Na kungoja ndiko kusikolipwa na mtu yeyote.

Kisha huja mtihani, ambao mafundi wachache huupenda na wenye nyumba wachache huujua. Tundu la kutolea maji huzibwa kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, sakafu iliyopakwa hujazwa maji kina cha vidole viwili nyuma ya kizingiti, mstari wa penseli hupigwa ukutani pale maji yaishiapo, na mlango hufungwa saa 24. Mimi, nilipoamua kulirudia bafu langu kwa mikono yangu mwenyewe, niliamka mara mbili usiku kwenda kuutazama mstari wangu, kama mtu aliyelaza mgonjwa. Kulipokucha maji yalikuwa pale pale, ukuta wa chumba cha kulala mkavu. Na neno la haki ni kwamba furaha niliyoipata kwa sakafu ile ya kijivu, mbaya ya sura, sikuipata tena hata vigae vilipokamilika.

Lakini hata ngozi iliyo salama haitoshi ikiwa maji hayajui pa kwenda. Mteremko wa sakafu ya bafu huwa kadiri ya sentimita moja na nusu mpaka mbili kwa kila mita. Bafu langu, lenye mita 1.2 kwa mita 1, tundu likiwa pembeni, lilitaka pembe ya mbali iwe juu ya tundu kwa sentimita 3 hivi, jambo ambalo kwa jicho halionekani na kwa mguu halisikiki, lakini maji hulitambua mara moja. Kosa la wengi ni kuutafuta mteremko huo katika gundi, wakati wa kuweka vigae, kwa kunenepesha huku na kukondesha kule. Ilhali pahali pake ni katika zege laini la kusawazisha, chini ya tabaka la kuzuia maji, ili yale maji yaliyopenya mishono yateremke juu ya ngozi kuelekea tundu badala ya kutuama chini ya kigae yakavunda. Kwa sababu hiyo hiyo vigae vya sakafu ya bafu na viwe vidogo: kigae cha sentimita 60 hakikunjiki, na sakafu yenye mteremko wa pande mbili hutaka kitu kitakachokubali kufuata umbo lake. Fauka ya hayo, mishono mingi huupa mguu uliotota mahali pa kushika. Kigae kikubwa kilichong'arishwa, kikipata povu la sabuni, huwaangusha wazee.

Sasa nirudi kwenye yale madonge. Nilimwendea jirani yangu, mwashi mstaafu aliyejenga nyumba nyingi za Ngamiani, nikamwonyesha kigae kilichoanguka na kuuliza mbona vile alivyoviweka yeye zamani, kwa saruji tupu na maji, vingali vimeshika. Alikipindua akakitazama kwa muda.

"Mwalimu, aliyeviweka hivi alivilowesha?"

"Sijui, Fundi. Nilimwona na ndoo."

"Angevilowesha wiki nzima isingefaa kitu," akasema, akaingia ndani, akarudi na kipande cha kigae cha kale, cheupe, kilichobaki katika kazi fulani ya ujana wake. Aliviweka viwili vile kifudifudi juu ya benchi, akachovya kidole katika kikombe cha maji, akadondosha tone moja juu ya kila mgongo. Juu ya kile cha kale tone lilitoweka tusijue limekwenda wapi, kikabaki kidoa cheusi. Juu ya changu lilisimama mviringo, likitetemeka, kama lililo juu ya jani la myugwa. "Hiki kinakunywa," akasema. "Hicho chako kimefunga."

Katika matone yale mawili mna sababu ya vigae vingi kuanguka katika miji yetu. Saruji haigandi kwa kukauka, kama matope yakaukavyo. Huganda kwa kuungana na maji, na ikinyang'anywa maji kabla ya kuungana hubaki unga. Vigae vya udongo vya zamani, vya namna ambayo huweza kunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wao, viliinyang'anya saruji maji yake, ndiyo maana mafundi wakavilowesha usiku kucha ndipo wakavipachika. Na vikiisha kushiba, saruji iliingia katika vinyweleo vyao ikaota mizizi. Kigae cha porsileni, kama kile changu kilichoanguka, hakivuki nusu ya asilimia moja. Hakina kinywa cha kuipokea saruji, na kukilowesha ni ibada iliyobaki baada ya sababu yake kwisha. Chake ni gundi ya unga ya mfukoni, ambayo ni saruji iliyochanganywa na viungo vinavyozuia maji yake yasitoroke na vinavyoishika hata kauri isiyo na vinyweleo. Fani hii ilipanuliwa Marekani katika miaka ya 1950, na mhandisi wa kemia Henry Rothberg, aliyeanzisha kampuni ya Laticrete mwaka 1956, ni miongoni mwa waliochanganya saruji na utomvu wa mpira kwa kazi ya vigae. Kwa hiyo mfuko wa gundi, ambao mteja huuona ghali akauacha dukani akanunua saruji, ndio mahali pa mwisho pa kubania.

Namna ya kuipaka nayo si fumbo. Gundi hutandazwa kwa mwiko wa meno, matuta yake yakielekea upande mmoja. Kigae hubandikwa, kikasukumwa kidogo kwa kuyakata matuta hayo, hewa ikatoka na matuta yakalala. Kanuni za wajenzi wa Marekani hudai kwamba katika mahali pa majimaji gundi iuguse mgongo wa kigae kwa kadiri ya asilimia 95, na penye ukavu asilimia 80. Donge la katikati, kwa kukisia kwangu, halikufika robo. Na pana njia moja tu ya kujua, nayo ni kukibandua kigae kilichokwisha kubandikwa vizuri, gundi ingali mbichi, na kuutazama mgongo. Nilifanya hivyo kwa kila kigae cha tano. Jirani yangu alicheka, lakini aliketi akatazama.

Kazi ya macho na vipimo inayobaki ni ile ambayo watu huiogopa zaidi, na kwa maoni yangu huiogopa kuliko istahilivyo. Kuta zetu hazisimami wima wala pembe zake hazina umraba. Timazi na pima maji husema hivyo kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza, na ni heri kuwasikiliza mapema na kuirekebisha lipu. Safu ya chini huachwa tupu kwa muda, huwekwa mbao iliyonyooka juu yake, bila ya msumari usije ukaitoboa ngozi, kwa usawa wa pima maji, na vigae vya ukuta huanza kupanda kutoka kwenye mbao hiyo. Mbao huondolewa gundi ikishashika, sakafu ikawekwa, kisha safu ya chini ikaja mwisho, ikaikalia sakafu. Ni vyema pia kupanga vigae vikavu chini kwanza, ili upande mmoja usije ukaishia na kipande chembamba kama kijiti cha kiberiti. Kuta zangu tatu, zenye mita za mraba 6.7 hivi, zilihitaji vigae 38 vya sentimita 30 kwa 60. Nilinunua 42, vitatu vikavunjika nikikata tundu la bomba, na masanduku yote niliyakagua kuwa yana nambari moja ya rangi, maana weupe wa kigae cha tanuri hili si weupe wa kigae cha tanuri lile. Ukataji na ufanywe kwa maji, kwani vumbi la kauri huua mapafu polepole. Grauti hungoja mpaka kesho yake. Pembeni haiwekwi, hupigwa silikoni, kwa sababu ile ile ya utepe.

Mambo mawili ya bafu siyashauri kwa asiyeyasomea. La kwanza ni umeme, hasa pale panapofungwa bomba la mvua lipashalo maji kwa umeme, ambalo bila waya wa ardhi ulio sahihi ni hatari kwa roho ya mtu. La pili ni mabomba yaliyomo ndani ya ukuta: na yafungwe na fundi bomba, yajaribiwe kwa presha, ndipo yafunikwe.

Hapa ndipo swali letu la kwanza linapopata jibu ninaloliona la haki. Fundi wa kukodi ana mkono ambao mwenye nyumba hataupata kwa bafu moja wala mawili. Mishono yangu, ukiitazama kwa upande, ina mawimbi. Lakini fundi hulipwa kwa mita ya mraba ya kinachoonekana. Siku anayongoja tabaka likauke ni siku asiyokula, na saa 24 za maji sakafuni kwake ni karo ya mtoto. Tukimlaumu kwa haraka yake bila ya kuitazama namna tunavyomlipa, twamdhulumu. Mwenye nyumba, ambaye kazi yake ya riziki iko kwingine, ana Jumamosi nyingi na hana anayemdai bafu ila watu wa nyumbani mwake wanaoogea ndoo uani. Basi asiye na ustadi na ajifanyie mwenyewe ile kazi isiyodai ustadi, yaani batini, kwa uvivu wote inaoustahili. Na akitaka dhahiri iwe na haiba, amwite fundi, amlipe kwa siku badala ya mita, na asimame karibu. Hili la kumlipa kwa siku hunipatia wapinzani kila nilisemapo, wakidai kuwa fundi wa kutwa huitafuna kutwa. Huenda. Bafu lililoanguka lilinigharimu kutwa nyingi zaidi.

Kazi yangu ilichukua Jumamosi saba. Ya nane alikuja jirani, akavua kofia, akaivua pete yake ya fedha kidoleni, akaanza kugonga vigae kimoja kimoja kutoka mlangoni, sikio karibu na ukuta, kama mganga apimaye kifua. Tak, tak, tak. Katika safu ya nne, upande wa kushoto, pete ililia vingine. Akagonga tena.

"Hiki kitupu, Mwalimu."

Nilikwenda kuchukua tindo. Alinizuia kwa mkono. Kigae hicho, alisema, kiko juu ya usawa wa kifua, kimeshika pande tatu, na nyuma yake pana tabaka lililopita mtihani. Nikikichokoa nitaichana ngozi ili nirekebishe kanzu. Aliirudisha pete kidoleni akaomba maji ya kunywa. Kigae kingali pale, na kila niogapo hukigonga kwa ukucha.